Jino Tulilolingoja

Mjukuu wangu Poni alikuwa akicheka kwa mkono. Mtu akisema neno la kuchekesha, kwanza mkono unakwenda mdomoni, ndipo kicheko kinapita katikati ya vidole. Alikuwa na miaka kumi na moja. Ilikuwa mwaka 1992, nasi tuko nyumbani Lurujo, upande wa Koboko, kaskazini mwa Uganda.

Asubuhi zetu zilikuwa hivi. Mimi nawasha moto. Madina, mke wa mwanangu, mama yake Poni, anakoroga uji wa mtama. Poni anasugua masufuria kwa majivu, kisha anakata kijiti cha mwarobaini na kupiga mswaki nyuma ya jiko, peke yake, amegeukia ukuta.

Meno yake yalikuwa hivi. Juu, upande wa kulia, jino la chonge lilitokea juu ya mstari wa mengine, limeelekea nje. Upande wa kushoto hapakuwa na chonge kabisa. Palikuwa na pengo, na meno ya mbele yamelala kuelekea pengo hilo, kama fito za ua ulioegemewa na ng'ombe.

Watoto wa shule hawana huruma. Wakimwona walisema, "Poni, funga zizi! Mbuzi ametoa pembe!"

Siku moja alirudi nyumbani jua halijafika utosini.

"Mwalimu amekufukuza?" Madina akamwuliza.

"Hapana. Amesema mimi nisome kwa sauti, mbele ya wote. Nimetoka."

"Kesho utarudi."

"Mimi hapana rudi tena, mama. Nitalima na nyinyi."

Poni huyu alikuwa wa tatu katika darasa la watoto sitini. Alitaka kuwa mwalimu. Alikuwa akiwafundisha kuku wetu kuhesabu, akidhani hatumsikii.

Madina akanigeukia. Nyumbani kwetu bibi anaitwa habuba, hata wakwe waliniita hivyo. "Habuba, hii meno imetoka wapi? Meno yangu iko sawa. Ya baba yake iko sawa. Wewe mwenyewe mpaka leo unavunja karanga kwa meno."

"Ni kazi ya Mungu," nikasema.

Haikuwa kazi ya Mungu. Ilikuwa kazi yangu.

Mwaka 1979 vita vilipofika, watu wengi wa kwetu walivuka mpaka kwenda Sudan. Sisi pia. Poni alizaliwa huko, katika kambi upande wa Yei. Alipokuwa na miezi saba, mama yake aliugua sana, akalazwa hospitali siku ishirini. Nikabaki mimi na mtoto. Poni akaanza kuhara. Akapata homa. Majirani wakafungua mdomo wake.

"Unaona ufizi umevimba? Unaona weupe? Hii ni meno ya uongo. Isipotolewa, mutoto anakufa."

Akaja mama mmoja na spoki ya baiskeli iliyonolewa kwa jiwe. Nilikaa chini. Niliweka kichwa cha Poni katikati ya magoti yangu, nikakishika kwa mikono miwili. Mama yule alichimba ufizi mara nne, mara mbili juu na mara mbili chini. Akatoa vitu vinne vidogo, vyeupe, laini, kama punje changa za mahindi. Akavipanga juu ya jani.

"Umeona hii minyoo?"

"Nimeona," nikasema.

Baada ya siku nane mtoto alipona. Madina aliporudi, ufizi ulikuwa umefunga. Alikuwa amekonda, miguu inatetemeka. Sikutaka kumtisha. Nikamwambia mtoto aliugua kidogo tu. Baadaye, meno yalipoanza kutoka vibaya, niliona haya kusema. Haya ikikaa na wewe miaka kumi, inakuwa kama mtu wa nyumbani. Unaipakulia chakula.

*

Dada yangu Hawah anakaa Oli, pembeni mwa mji wa Arua. Jirani yake anaitwa Helen. Helen alifanya kazi katika kliniki ya meno mjini. Hawah alituma habari kwamba kuna daktari anayekuja pale kila baada ya wiki sita, na kazi yake ni kunyoosha meno.

Nikampeleka Poni. Tulimkuta Helen uani kwake, anachambua majani ya kunde. Poni akafunika mdomo.

"Binti, hapana ogopa," Helen akasema. "Mimi kazi yangu ni midomo. Juzi nimeona mzee, amebaki na jino moja tu. Na hiyo moja ndiyo ilikuwa inamuuma."

Poni akacheka. Mkono ulichelewa kidogo. Helen akaona.

"Aa. Hiyo tu? Hiyo daktari anaweza kufanyia kazi. Lakini nikuambie ukweli kabla hujaanza. Si kazi ya siku moja. Si kama kung'oa. Jino linasukumwa polepole, kama vile wewe unasukuma kitanda chenye mtu amelala juu. Mwaka mmoja, labda na nusu."

"Itauma?" Poni akauliza.

"Itauma siku mbili tatu za kwanza. Si maumivu ya kisu. Ni kama kiatu kipya. Kisha unazoea. Kila daktari akikaza waya, inauma tena kidogo, halafu inaacha. Mutu akikudanganya kwamba haiumi kabisa, mkimbie."

Siku ya kliniki tuliingia wote watatu, mimi, Poni na Helen. Daktari aliitwa Silvester, mwembamba, mpole. Alitazama mdomo wa Poni kwa kioo kidogo chenye mpini. Akahesabu meno kwa sauti na Helen akaandika kwenye kadi. Daktari aliporudi kuhesabu upande wa kushoto, alisimamisha kioo penye pengo.

"Mama," akaniuliza, "mtoto alipokuwa mdogo, kuna mtu alichimba ufizi wake? Watu wengi huku wanafanya, wanatoa mbegu za meno ya utoto, na mara nyingine chuma kinaharibu na ya ukubwani iliyo chini yake. Sikuulizi ili nikugombeze. Nataka kujua kama hili jino lipo ndani au halipo. Mashine ya picha imeharibika, siwezi kuona ndani ya mfupa. Macho yangu ni wewe."

Poni alikuwa ananitazama kutoka kwenye kile kiti kirefu.

"Hapana," nikasema. "Mimi ndiye nilimlea. Hakuna mtu aligusa."

Helen akaandika.

"Basi litakuwa limechelewa tu," daktari akasema. "Tutaliwekea nafasi, tulingoje."

Neno moja. Nimelima miaka mingi, najua mbegu moja mbaya inavyoweza kuota. Lakini siku ile nilifurahi kwamba nimepona.

*

Wakachukua umbo la meno. Helen alijaza kibati kidogo kwa kitu laini, cha baridi, akakiweka mdomoni mwa Poni mpaka kikaganda.

"Pumua na pua. Moja, mbili, tatu. Usimeze."

Kilipotoka, Poni akasema, "Habuba, iko kama asida ya jana!" Asida ndiyo ugali wetu.

Jino moja dogo la upande wa kulia liling'olewa, baada ya sindano ya ganzi, ili chonge lililokuwa nje lipate mahali pa kukaa. Safari iliyofuata tukapewa kifaa chenyewe: kipande cha plastiki cha rangi ya ufizi, kinachokaa kwenye paa la mdomo, chenye waya mwembamba unaopita mbele ya meno, na waya mwingine mdogo uliojikunja wa kuvuta chonge. Helen alimfundisha Poni kukivaa na kukivua mbele ya kioo mara sita. Kisha akatuambia mambo yake, na mimi nikayashika kichwani, kwa sababu kusoma kwangu ni kwa darasa la nne.

"Unakivaa mchana na usiku. Unakitoa kukisafisha na kupiga mswaki baada ya kula, kisha unarudisha. Unaosha kwa maji ya baridi na mswaki na sabuni kidogo. Maji ya moto hapana, yatakipinda. Wiki ya kwanza mate yatajaa na ulimi utakuwa mzito. Soma kitabu kwa sauti kila siku, ulimi utajua njia. Siku za maumivu kula uji, maharagwe laini, asida. Miwa hapana. Mahindi ya kuchoma hapana, mpaka uyapukuchue na kuyapika. Waya ukikuchoma shavu, njoo, usiukunje mwenyewe. Na usikifunge kwenye kitambaa. Kitambaa kinatupwa, kinakaliwa, mbwa anakichukua. Weka kwenye kopo."

"Nikikivua siku chache?" Poni akauliza.

"Jino halina akili kama yako. Ukiliachia, linarudi lilikotoka."

Siku ya tatu nyumbani Poni alilia. Mashavu yalikuwa moto, uji ulikuwa unamshinda. Mimi bibi, moyo wangu ni siagi. Nikamwambia, "Kitoe, pumzika kidogo." Nikakiweka kwenye kopo juu ya rafu. Kidogo ikawa siku tisa. Tulipotaka kukirudisha, kilikaa upande mmoja na upande mwingine kimenyanyuka. Ikabidi twende Arua tena.

Helen alikigeuza mkononi. "Nani alikwambia ukitoe?"

Poni akatazama chini, hakunitaja. Nikasema mwenyewe, "Ni mimi. Alikuwa analia."

"Habuba, huruma yako imemwongezea mtoto siku za kulia," Helen akasema. "Sasa anaanza upya, siku ya kwanza."

Hilo nililikiri upesi, kwa sababu lilikuwa dogo.

Baada ya hapo Poni hakukivua tena. Alirudi shuleni. Kila jioni alisoma kitabu kwa sauti, mwanzoni kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, kisha vizuri. Madina alikuwa akimtania, "Soma, mwalimu wa kuku." Mwezi wa nne tangu akivae, lile chonge la kulia lilikuwa limeshuka. Unaweza kuliona kwa macho. Watoto wa shule wakatafuta mtu mwingine wa kumcheka.

Upande wa kushoto, kimya. Daktari alikuwa amefungua nafasi nzuri, upana wa jino. Kila safari alipapasa ufizi kwa kidole.

"Bado," anasema. "Tungoje."

Na Poni kila asubuhi, nyuma ya jiko, alichukua kioo cha baba yake na kutafuta weupe katika ufizi. "Habuba, njoo uone. Hii si jino inakuja?"

"Labda," nasema. "Labda inakuja."

Miezi minane niliitazama nafasi ile pamoja naye. Nilijua hakuna kinachokuja. Punje ile niliiona juu ya jani.

*

Wakati huo Madina alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, Sule. Alipofika miezi saba alianza kuhara, na homa juu. Siku ya pili nilitoka shambani, nikamkuta mama mmoja mgeni ameketi mlangoni. Karibu na mguu wake palikuwa na kitambaa kimekunjwa, chembamba na kirefu.

"Karibu habuba," Madina akasema. "Ufizi wa Sule umevimba. Ni meno ya uongo. Nimemwita mama huyu. Wewe utamshika kichwa, mimi siwezi kuangalia."

Mgeni akafungua kitambaa. Spoki. Imenolewa ikang'aa.

"Keti, mama," akaniambia kwa heshima. "Ni haraka tu."

Mikono yangu ilijua pa kwenda. Hilo ndilo lililonitisha. Nilimchukua Sule, nikamfunga kifuani kwangu kwa kanga.

"Hapana," nikasema. "Huyu hapana."

"Habuba! Mtoto anakufa!"

"Madina, sikiliza. Meno ya Poni si kazi ya Mungu. Ulipokuwa hospitali kule Sudan, mimi nilimwita mtu wa spoki. Mimi nilishika kichwa. Vile vitu vyeupe si minyoo. Ni mbegu za meno yake. Chonge la kushoto halichelewi. Halipo. Tulilitupa."

Madina alikaa chini polepole, kama mtu aliyepewa mzigo.

Poni alikuwa amesimama na mtungi. "Ni wewe, habuba?" akauliza.

"Ni mimi."

"Daktari alikuuliza. Mimi nilikuwa kwenye kiti. Alikuuliza."

"Ndiyo."

"Na kila asubuhi nakuita uangalie!"

Mgeni akasema kwa upole kwamba watoto wengi aliowafanyia wamepona. Poni akamgeukia. Macho yake yamejaa maji.

"Wanapona kwa sababu kuhara kumeisha, mama! Wengine wanakufa kwa sababu damu imetoka na uchafu wa hiyo chuma umeingia. Sisi tumesoma shuleni. Mtoto akihara, maji yake mwilini yanakwisha. Anataka maji, hapana chuma! Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, lita moja. Sukari, vijiko vidogo sita vya kusawazisha. Chumvi, nusu kijiko kidogo. Anapewa kidogo kidogo, ananyonya vilevile, na anapelekwa dispensari leo, hapana kesho!"

Alisema yote hayo mbele ya mgeni, kwa sauti ya mwalimu, mdomo wazi. Mkono ulikuwa umeshika mtungi. Sijui kama alijua. Mimi niliona.

Tulichanganya maji. Madina alimnywesha Sule kwa kijiko njia nzima mpaka dispensari ya Koboko. Mganga alimpima damu, akakuta malaria. Akampa dawa ya malaria, na pakiti za chumvi ya kuhara. Aliangalia ufizi.

"Hapa meno yanajiandaa tu," akasema. "Kila mtoto ufizi wake unavimba hivi. Homa ikija wakati huohuo, watu wanafunga jino kwa kosa la mbu."

Siku ya nne Sule alikuwa anavuta mkia wa paka.

*

Nilikwenda Arua na Poni. Njia nzima hakusema nami. Sikumdai aseme.

Nilimweleza Helen kila kitu, nimesimama. Hakupiga kelele. Alitafuta kadi ya Poni, akakata mstari mmoja kwa kalamu, akaandika mwingine juu yake. Mkato ule mdogo ulinichoma kuliko matusi.

Daktari Silvester alisoma kadi. Akaketi.

"Mama, mimi nilikuwa nangoja jino ambalo halipo."

"Ndiyo, daktari."

"Ningejua siku ya kwanza, nisingefungua nafasi. Ningeifunga polepole, jino la nyuma likaja mbele. Tungekuwa tumefika mbali. Sasa nimebakiwa na safari mbili tu za kuja Arua, kisha napelekwa kwingine. Kazi ya kufunga pengo inataka mwaka."

"Hakuna njia nyingine?"

"Akikua, anaweza kuwekewa jino la bandia hapo. Si sasa, taya bado linakua. Chonge la kulia nitalimaliza vizuri. Meno ya mbele yamesimama. Hayo hayapotei, kama atavaa kibao cha kushikilia meno usiku, mwaka mzima au zaidi." Akamgeukia Poni. "Watu wengi wanaharibu hapa, mwishoni. Wanaona meno yamenyooka, wanaacha. Meno yanarudi. Wewe utavaa?"

"Nitavaa," Poni akasema. Kisha akauliza, "Nikiwa mwalimu, watoto wataona pengo?"

"Wakikaa dawati la mbele."

"Basi nitawaambia limetoka wapi," Poni akasema, bila kunitazama.

Alivaa. Kila usiku alikitoa kwenye kopo, akakivaa. Meno yake hayakurudi nyuma. Mtu akimwona kutoka mbali, anaona binti mwenye meno mazuri. Akikaribia, anaona pengo upande wa kushoto.

Wewe unayesoma, kama una mjukuu, nakuomba mambo mawili tu. Ufizi wa mtoto mchanga usiguswe na chuma, hata kama mkwe analia, hata kama majirani wanasema. Na mtu wa dawa akikuuliza ulifanya nini, mwambie. Anatibu kwa anachojua. Ukimficha, anayelipa si wewe.

Mimi na Poni tulianza kuongea tena kidogo kidogo: leta chumvi, funga mbuzi, mvua inakuja. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikuuliza.

Mwaka mmoja baadaye, Sule akiwa na mwaka na nusu, nilikuwa napepeta mtama. Poni alimweka Sule magotini, akaosha kidole kwa sabuni, akakiingiza mdomoni mwake. Sule akamwuma.

"Uwii! Habuba, njoo."

Nikaenda. Magoti yaliniuma, lakini nilienda mbio. Hakuwa ameniita kuangalia mdomo tangu siku ile.

Akachukua kidole changu, akakiweka juu ya ufizi, kulia, kisha kushoto. Nikasikia ncha ndogo, kali.

"Chonge," akasema. "Mbili juu zimetoka. Chini zinakuja. Yote iko, habuba."

"Yote iko," nikasema.

Sule akacheka, mdomo wote wazi. Poni naye akacheka. Mkono wake haukwenda mdomoni. Kisha nikaona shavu lake la kushoto linainuka kidogo, ulimi ukienda wenyewe mahali pale ambapo hapana kitu.

Nikarudi kwenye mtama wangu.